Jinsi ya kupima mabadiliko ya mashamba na huduma za ikolojia: mwongozo kwa mwanafunzi wa uzamivu anayeanza

Kila mwaka napokea maswali yale yale kutoka kwa wanaoanza uzamivu. Nianze na picha za setelaiti au nianze kijijini? Nipime huduma ngapi za ikolojia, yaani manufaa ambayo watu huyapata kutoka kwenye mazingira? Mbona ramani yangu inaonyesha msitu mahali watu wanapoishi? Nimeona niyajibu kwa pamoja, kwa mfano wa eneo ninalolifahamu: miteremko ya kusini ya Mlima Kilimanjaro, ambako vihamba, yaani mashamba ya familia ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba, vinagawanywa vipande kwa urithi, vinajengwa nyumba, au vinageuzwa mashamba ya mahindi na mboga. Kama eneo lako ni Lushoto, Uluguru au Taita, hatua ni hizi hizi. Mazao na majina ndiyo yatabadilika.

Shika jambo moja tangu mwanzo. Setelaiti inaona majani ya juu tu. Haimwoni anayelima chini yake, haiuoni mfongo, yaani mfereji wa maji wa wenyeji, unaopita kati ya migomba, wala haimwoni mama anayekata majani ya kumlisha ng'ombe wa zizini. Huduma nyingi unazotaka kuzipima ziko huko chini. Ndiyo maana nakupeleka shambani mapema, kabla hujafungua kompyuta.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Kompyuta yenye QGIS, programu ya ramani ambayo ni ya bure, na akaunti ya Google Earth Engine, huduma ya mtandaoni ya kuchakata picha za setelaiti, ambayo nayo ni bure kwa utafiti usio wa kibiashara.
- Simu au kifaa cha GPS, na betri ya akiba.
- Utepe wa mita 50, utepe mdogo wa kupimia mzunguko wa mti, na kifaa cha kupimia mwinuko wa mteremko.
- Ringi za chuma za kuchukulia udongo zenye ujazo unaojulikana. Ringi ya kipenyo cha sentimita 5 na kimo cha sentimita 5 hubeba karibu sentimita za ujazo 98.
- Nyundo, kibao cha kupigilia, kisu, penseli, na mifuko ya kitambaa. Udongo mbichi hupasua bahasha ya karatasi kabla hujafika barabarani.
- Msaidizi anayezungumza lugha ya mahali na anayeheshimika pale. Mlipe vizuri.
- Fedha za maabara ulizozihesabu kwa kila sampuli, pamoja na sampuli za kurudia.

1. Punguza swali lako mpaka liweze kupimika

Andika sentensi moja yenye mahali, kipindi na huduma zisizozidi tatu. Kwa mfano: "Kihamba kilichogeuzwa shamba la mahindi tangu 1990 kimepoteza kaboni kiasi gani, na familia yake imepoteza kuni na malisho kiasi gani?"

Tathmini ya Milenia ya Mifumo Ikolojia ya 2005 iliziweka huduma katika makundi manne: zinazotupatia vitu kama chakula na kuni, zinazorekebisha mambo kama maji na hali ya hewa, za utamaduni, na zile zinazotegemeza nyingine zote. Mpangilio huo unatosha kukuanzisha, ila usijumlishe kundi la nne na yale mengine. Rutuba ya udongo tayari imo ndani ya mkungu wa ndizi. Ukiihesabu peke yake umeihesabu mara mbili.

Wanaoanza hupenda kuahidi huduma nane au kumi kwenye pendekezo la utafiti. Mwaka wa tatu wanabaki na nane zilizopimwa nusu nusu.

2. Vibali, kisha hodi

Ukiwa mwanafunzi wa chuo cha Tanzania, kwa kawaida barua ya kibali huanzia chuoni kwako. Mtafiti kutoka nje ya nchi hupitia COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Kwa Kenya tume ya aina hiyo ni NACOSTI. Barua hushuka ngazi kwa ngazi: Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, Mkurugenzi wa Halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji. Tenga wiki kadhaa. Usiruke ngazi hata kama unamfahamu mwenyekiti, kwa sababu akibadilika katikati ya kazi, mhuri ndio utakaokulinda.

Kwa Kilimanjaro kuna jambo la ziada. Ukanda wa nusu maili wa msitu uliotengwa mwaka 1941 kwa mahitaji ya wenyeji, pamoja na hifadhi ya msitu iliyo juu yake, sasa uko ndani ya Hifadhi ya Taifa, ambayo mipaka yake ilipanuliwa mwaka 2005. Ukitaka kupima chochote juu ya mpaka huo, unahitaji vibali vya TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na TANAPA (shirika la hifadhi za taifa). Omba mapema.

3. Tembea kabla ya kuchora

Chukua siku tano hadi kumi, tembea kutoka juu karibu na msitu hadi chini kwenye mashamba ya mahindi, ukiwa na mwenyeji. Usipime kitu. Andika aina za mashamba kwa majina wanayotumia wenyewe.

Nilipoanza, nilikuwa na ramani niliyoichora chuoni. Nikamwamkia mzee mmoja, nikamwonyesha eneo la kijani kibichi lililoandikwa "msitu". Akanitazama, akainama, akashika isale, mmea unaopandwa mipakani. "Mwanangu, hili isale ndilo mpaka wangu na mdogo wangu. Mringaringa ule aliupanda baba. Hapa ulipokanyaga palikuwa na kahawa. Bei ilipoanguka nikaing'oa, nikaweka magimbi. Kule kwa mdogo wangu wamepanda parachichi." Hatukuwa tumetembea hata hatua thelathini. Kahawa imetoka, magimbi yameingia, parachichi zimeingia, shamba limegawanywa kati ya ndugu wawili, na picha yangu ilikuwa na rangi moja tu tangu mwanzo hadi mwisho wa kipindi.

Siku ile nilifuta orodha yangu ya aina za matumizi ya ardhi na kuiandika upya. Nakushauri orodha yako iwe na angalau: msitu wa asili, kihamba chenye kahawa na miti, kihamba kilichobaki na migomba bila kahawa, mahindi na maharage, mboga za umwagiliaji, mashamba makubwa ya kahawa, majengo, na malisho. Baadhi hazitatenganishwa na setelaiti. Ni afadhali ulijue hilo sasa.

4. Chagua picha za miaka inayofaa

Kumbukumbu ya picha za setelaiti za Landsat inaanzia 1972, na tangu 2008 picha zote ni za bure. Pikseli zake, yaani vimraba vinavyounda picha, nyingi ni za mita 30. Setelaiti ya Sentinel-2, iliyoanza kazi mwaka 2015, ina mita 10. Fanya hesabu kabla ya kuchagua: ekari moja ni hekta 0.405, yaani pikseli nne na nusu tu za Landsat, lakini ni arobaini za Sentinel-2. Kihamba cha nusu ekari ndani ya Landsat ni pikseli mbili, na zote mbili zimechanganyika na cha jirani.

Kwa hiyo tumia Landsat kuonyesha mwelekeo wa eneo zima kwa miaka mingi, na Sentinel-2 kuonyesha hali ya sasa kwa undani.

Picha safi zaidi kwa mteremko huu mara nyingi ni za Januari na Februari, kabla ya masika. Linganisha msimu na msimu ule ule. Ukichukua Februari ya 1995 na Juni ya 2020, utapata "mabadiliko" makubwa ambayo ni mahindi tu yaliyoota. Ujue pia kwamba kwa miaka ya 1990 picha za Landsat za Afrika Mashariki ni chache. Usiahidi mfululizo wa kila mwaka kabla hujaangalia zilizopo.

5. Ainisha, kisha jaribu kujikosoa

Kusanya kwa GPS shambani pointi za mafunzo, yaani mahali unapojua aina ya matumizi ili programu ijifunze kwazo, na nyingine kwenye picha zinazoonyesha ardhi kwa undani zaidi. Tenga pointi za kuhakiki ambazo programu haitaziona kamwe wakati wa kujifunza. Angalau hamsini kwa kila aina.

Ongeza mwinuko wa ardhi kutoka data ya SRTM, vipimo vya mwinuko vilivyochukuliwa kutoka angani mwaka 2000, kama tabaka mojawapo. Vihamba vingi viko takribani kati ya mita 1,000 na 1,800, kwa hiyo mwinuko husaidia kuvitenganisha na msitu wa juu. Ukishafanya hivyo, usije ukaandika kama ugunduzi kwamba vihamba viko kwenye mwinuko fulani. Wewe ndiye uliyeiambia programu.

Usiridhike na asilimia moja ya usahihi wa jumla. Ramani inaweza kuwa sahihi kwa asilimia 90 huku aina unayoitafiti ikikosewa nusu ya wakati. Toa jedwali la makosa kwa kila aina, na usihesabu hekta kwa kuhesabu pikseli peke yake. Rekebisha eneo kwa kutumia makosa uliyoyapata na utoe kiwango cha mashaka. Mabadiliko yakiwa madogo kuliko mashaka, sema hivyo kwenye tasnifu.

6. Chagua viwanja vinavyolinganishika

Hapa ndipo tasnifu nyingi huharibika bila mwenyewe kujua. Huwezi kurudi 1990 kupima udongo, kwa hiyo unalinganisha kihamba kilichopo na shamba la mahindi lililokuwa kihamba. Ukichukua kihamba cha mita 1,500 na mahindi ya mita 900, umepima mwinuko, mvua na aina ya udongo. Mabadiliko ya matumizi hujayapima.

Tafuta jozi: mashamba mawili jirani, mteremko mmoja, mwinuko unaokaribiana, mmoja amebadilisha na mwingine hajabadilisha. Muulize mwenye shamba mwaka aliobadilisha na hali ilivyokuwa kabla. Jozi ishirini nzuri zina thamani kuliko viwanja mia vilivyotawanyika. Andaa na orodha ya akiba kwa ajili ya watakaokataa.

Kwenye mteremko, umbali unaopimwa juu ya ardhi si umbali wa ramani. Mita 20 za utepe kwenye mteremko wa nyuzi 30 ni mita 17.3 tu za ulalo. Rekebisha pale pale, usisubiri kurudi mezani.

7. Pima

*Miti.* Pima kipenyo kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, upande wa juu wa mteremko. Ukipima mzunguko, gawanya kwa 3.14. Kwa uzito wa mti juu ya ardhi, fomula inayotumika sana katika nchi za tropiki tangu 2014 ni: kilo = 0.0673 × (uzito wa mbao × kipenyo² × urefu) kwa kipeo cha 0.976. Mti wa kipenyo cha sentimita 30, urefu wa mita 15 na mbao za gramu 0.5 kwa sentimita ya ujazo unatoa karibu kilo 368. Kaboni ni karibu asilimia 47 yake, yaani kilo 173.

Onyo: miti ya kihamba hukatwa matawi kwa kuni na malisho. Fomula inadhani mti una matawi yake yote, hivyo mgrevilea uliopunguzwa kila mwaka utaonekana mzito kuliko ulivyo. Andika kwa kila mti kama umekatwa matawi. Kahawa hupimwa chini zaidi, kwa kawaida sentimita 15 kutoka ardhini, na ina fomula zake. Mgomba si mti; usiuingize kwenye fomula ya miti hata kidogo.

*Udongo.* Chukua sampuli angalau kwa tabaka mbili, sentimita 0 hadi 15 na 15 hadi 30, kwa ajili ya kaboni, na ringi kwa ajili ya msongamano, yaani gramu za udongo mkavu kwa kila sentimita ya ujazo. Sampuli za ringi zikaushwe kwenye oveni kwa nyuzi 105 kwa saa 24. Hesabu yenyewe ni nyepesi: asilimia ya kaboni × msongamano × kina kwa sentimita. Kaboni ya asilimia 2.5, msongamano wa 1.1 na kina cha sentimita 30 vinatoa tani 82.5 kwa hekta. Kama kuna mawe, toa ujazo wake.

Andika lebo mbili kwa penseli, moja ndani ya mfuko na nyingine nje. Wino huyeyuka. Niliwahi kubaki na mifuko kumi na moja isiyo na jina baada ya mvua ya vuli kutukuta njiani, na siku tatu za kazi zikawa zimepotea.

Iulize maabara inatumia njia gani. Njia ya Walkley na Black, ya kupima kaboni kwa kemikali, haiunguzi kaboni yote. Kawaida matokeo huzidishwa kwa takribani 1.3. Usipouliza, unaweza kuzidisha tena kitu ambacho maabara tayari imekizidisha.

*Maji ya mfongo.* Chagua sehemu iliyonyooka ya mita 10. Dondosha limau majini kidogo kabla ya alama ya kwanza, anza saa likiipita, rudia mara tano. Mfongo wa upana wa mita 0.5 na kina cha mita 0.2, limau likitumia sekunde 25, una kasi ya mita 0.4 kwa sekunde. Zidisha eneo kwa kasi na kwa 0.85, kwa sababu maji ya juu huenda haraka kuliko ya chini: unapata lita 34 kwa sekunde. Muulize msimamizi wa mfongo ni zamu ya nani kupata maji siku hiyo. Bila zamu, namba yako haina maana.

8. Kaa na watu

Usimuulize mtu kuhusu "huduma za mfumo ikolojia". Uliza: "Mti huu unakufaa nini?" "Kuni za wiki hii zimetoka wapi?" "Kabla ya kung'oa kahawa, majani ya ng'ombe mlikuwa mnayapata wapi?" Halafu nyamaza, sikiliza.

Kumbukumbu za miaka zifunge kwenye matukio: kuanguka kwa bei baada ya makubaliano ya kimataifa ya mgao wa kahawa kuvunjika mwaka 1989, uchaguzi wa vyama vingi wa 1995, mvua za El Niño za 1997 na 1998, kifo cha Mwalimu Nyerere Oktoba 1999. Mtu asiyekumbuka mwaka atakumbuka kama mahindi yalikuwa tayari yamepandwa wakati wa msiba wa Mwalimu.

Zungumza na baba na mama kila mmoja peke yake. Baba mara nyingi atakueleza mpaka, urithi na kahawa. Mama ndiye anayejua kuni zimekuwa mbali kiasi gani, na mkungu upi unatosha familia siku ngapi. Ukihoji wakuu wa kaya tu, huduma mbili kati ya tatu ulizoahidi zitakosa shahidi.

Ukubwa wa shamba uuhakiki. Ekari ya hatua 70 kwa 70 inategemea miguu ya aliyepiga hatua.

9. Unganisha ramani na vipimo

Sasa, na si kabla, fungua InVEST, programu ya kukadiria huduma za ikolojia kwa ramani, au nyingine ya aina hiyo. Kielelezo chake cha kaboni kinazidisha eneo la kila aina kwa namba uliyoiweka kwenye jedwali. Ukiweka namba za nchi nyingine, utapata ramani nzuri ya nchi nyingine. Weka zako.

Kuhusu fedha, kuwa mwangalifu. Makala maarufu ya mwaka 1997 ilikadiria huduma za ikolojia za dunia nzima kuwa dola trilioni 33 kwa mwaka, na tangu hapo wanafunzi wengi huchukua viwango vya namna hiyo kwa hekta na kuvizidisha kwa eneo la wilaya. Namba inayopatikana haimwambii mkulima wala halmashauri lolote. Kama lazima utoe thamani, tumia bei ya kuni, majani na ndizi kwenye soko la pale pale.

Matatizo yanayojirudia

*Pointi zangu zote zimehama karibu mita 300.* Ramani za zamani za Tanzania za 1:50,000 zinatumia mfumo wa kuonyesha mahali uitwao Arc 1960, na GPS yako inatumia WGS 84. Kwa Kilimanjaro weka Arc 1960 kanda ya UTM 37 Kusini kwenye ramani ya zamani, halafu ibadilishe kwenda WGS 84 ndani ya QGIS. Usiisogeze kwa mkono.

*Picha ina mistari myeusi.* Ni Landsat 7 baada ya 31 Mei 2003, kifaa chake kimoja kilipoharibika. Karibu asilimia 22 ya kila picha haipo. Unganisha picha za tarehe kadhaa au tumia Landsat 5 ikipatikana.

*Thamani za Sentinel-2 zimeruka ghafla mwaka 2022.* Tangu 25 Januari 2022 data huongezewa 1000 wakati wa kuchakatwa. Toa 1000 kwenye picha za baada ya hapo, au tumia mkusanyiko uliokwisha kusawazishwa.

*Kihamba bado kinasomeka kama msitu.* Tumia picha za misimu miwili pamoja. Ikishindikana, unganisha aina hizo mbili kuwa "miti minene", kisha zitenganishe kwa mpaka wa hifadhi, na ueleze wazi kwamba mpaka ndio uliotenganisha.

*Shamba la mahindi limeonyesha kaboni nyingi kuliko kihamba.* Angalia msongamano. Sentimita 30 za udongo laini wa volkano wenye msongamano wa 0.8 ni tani 2,400 kwa hekta. Udongo ulioshindiliwa wa 1.2 ni tani 3,600. Umelinganisha udongo mchache na mwingi. Linganisha kwa uzito sawa wa udongo, si kwa kina sawa.

*Siyaamini majibu ya maabara.* Changanya sampuli za kurudia zenye namba tofauti, moja kwa kila kumi, bila kuiambia maabara. Zikitofautiana sana, rudisha kundi lote. Hilo litawezekana tu kama ulibakiza nusu ya kila sampuli, imekauka na imehifadhiwa.

*Kila mtu ananijibu "hakuna kilichobadilika".* Pengine wanadhani umetumwa kuhusu ardhi au kodi. Weka dodoso pembeni, rudi na mtendaji au mzee anayekufahamu, eleza upya, na anza na mti mmoja uliosimama mbele yenu.

*Mwenye shamba amekataa.* Mshukuru, nenda kwenye orodha ya akiba, na uandike idadi ya waliokataa. Wakiwa wengi upande mmoja wa kijiji, muulize mwenyekiti wa kitongoji kabla ya kupiga hodi nyumba inayofuata.